Mrusi wa Nkambo Dominique

Lubumbashi, 15 Septemba 2024

Kwa mke wangu Sephora,

Wafwako, nakusalimu kwa Kiluba chetu. Mumeo ni mzima, isipokuwa magoti, na magoti hayo unayajua. Tantine wako Cathy, binti yangu, ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Nguruwe wake jike amezaa, basi hapa uani hatulali. Umeme unakuja na kuondoka unavyotaka. Mke mwenzio Simone nilimtembelea makaburini baada ya misa, nikang'oa majani, nikamwambia mke mdogo bado yuko Urusi, kwa hiyo apunguze wivu. Ukiona wenzako wa huko wanashangaa babu kumwita mjukuu wake mke, waambie kwetu ndivyo ilivyo, na nkambo hatoi talaka.

Cathy ananiuliza kila siku kwa nini nisikupigie simu kama watu wengine. Miaka yangu ya kuendesha treni kati ya hapa na Sakania iliniachia pensheni ndogo na masikio mabovu. Kwenye simu nasikia mluzi tu. Na ukituma maandishi kwenye simu, anayesoma ni Cathy, na Cathy akisoma, nyumba ya tatu imesikia. Mambo ya mke na mume hayasomwi uani. Kwa hiyo tuendelee na karatasi. Watu wa kusafiri hawakosekani.

Sasa nije kwenye lililonichosha. Barua zako tatu za mwisho ni farasi, farasi, farasi. Farasi amekohoa. Farasi amezaa. Farasi amekukanyaga kidole, nawe unaandika kama mtu aliyepewa medali. Watu wakiniuliza mjukuu wako anasomea nini, nasema udaktari wa wanyama, wananivutia kiti kwa heshima. Kisha Cathy anaongeza neno farasi, wanacheka mpaka wanashika tumbo. Juzi ameniambia mezani, mbele ya wageni: "Baba, ule mutoto hatarudia. Atarudia kufanya nini? Hapa farasi iko wapi?" Mimi nikaomba chumvi.

Nieleze vizuri huyo farasi ni kitu gani. Anavuta mzigo gani, anakula nini, ametoka wapi. Nimeendesha mashine maisha yangu yote. Mashine nisiyoijua inaninyima usingizi. Na uniambie utarudi lini. Mwaka huu wa mwisho unaisha mwezi gani?

Mumeo mvumilivu,
Dominique

*

Mkoa wa Voronezh, Urusi, 20 Oktoba 2024

Bwana wangu Nkambo,

Shikamoo, na pole kwa magoti. Barua yako imeletwa na Chama, yule msichana wa Likasi anayesomea uhandisi hapa. Alikuja na chumvi ya kwetu na dagaa, nikalia kwa harufu ya dagaa kama mjinga. Baridi imeanza. Navaa soksi mbili, wewe usimwambie mke mkubwa, atafurahi.

Mwambie Tantine Cathy, tena mbele ya wageni walewale, kwamba mimi nasomea wanyama wote: ng'ombe, mbuzi, hata wale nguruwe wake wanaowanyima usingizi. Farasi ni mazoezi yangu ya mwaka wa mwisho. Nimewapenda, ni kweli. Kupenda si kosa la jinai.

Umeuliza. Huyu ni farasi wa kuvuta mizigo mizito; hata jina lake kwa Kirusi maana yake ni hiyohiyo, mvuta mazito wa Kirusi. Lakini utacheka: babu zake ni Wabelgiji. Zaidi ya miaka mia iliyopita Warusi walileta madume kutoka milima ya Ardennes, wakawapandisha kwa majike ya hapa. Kisha zikaja vita, mapinduzi, na vita tena, farasi wakaliwa, wakapotea, karibu ukoo uishe. Waliobaki wakakusanywa na kulelewa upya kwa subira, na mwaka 1952 ndipo wakapewa rasmi jina lao wenyewe. Ni Mbelgiji aliyezaliwa upya akawa Mrusi.

Usifikirie mnyama mrefu. Begani ana kama mita moja na nusu, wewe unamwona mgongo ukiwa umesimama. Urefu wake umekwenda kwenye upana: kifua kama mlango wa ghala, miguu mifupi, manyoya kidogo juu ya kwato, rangi ya kutu. Mpole. Kwa uzito wake hali chakula kingi, ndiyo maana wakulima walimpenda. Majike hutoa maziwa mengi, na watu wa hapa huyachachusha wakayanywa. Nimeyaonja, sitayarudia.

Kumtunza ni kazi isiyo na mwisho. Nyasi kavu nzuri mchana kutwa, nafaka kwa kipimo cha kazi aliyofanya. Miguu ikae mikavu, maana yale manyoya yakishika tope ngozi inaoza chini yake. Na kwato hukua kama kucha zetu. Kila baada ya wiki sita, labda nane, lazima mtu azikate, mwaka hadi mwaka, mpaka farasi afe. Mimi sasa nakata mwenyewe. Jike mmoja anaitwa Zarya ananiegemea nikiwa nimeinama, uzito wote huo, kisha anapiga miayo. Ndiye aliyenikanyaga kidole.

Mkuu wa shamba hili la farasi anasema mkono wangu ni mzuri. Mengine tutaongea.

Mkeo,
Sephora

*

Lubumbashi, 8 Desemba 2024

Mke wangu,

Salamu. Mvua zimeanza, na uwanja wetu umekuwa ziwa. Watoto wa nguruwe wanane wako hai, Cathy anawahesabu mbele ya kila mgeni. Mimi nakohoa kidogo, si kitu.

Kumbe Mbelgiji! Nimeisoma barua yako mara nyingi, karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Baba yangu alitoka Mitwaba kwa miguu kuja kuwafanyia kazi Wabelgiji kwenye reli. Warusi wao walichukua farasi wa Mbelgiji, wakamfanya wao, wakampa na jina. Sisi tulichukua reli. Ungeiona leo ungejua nani alitunza vizuri zaidi.

Nina maswali machache, ya kujifunza tu. Hiyo mita moja na nusu begani, kichwa kinaongeza kiasi gani? Yaani mlango wa farasi kama huyo ungekuwa na urefu gani, tukisema mtu anajenga mlango? Pumba za mahindi anakula? Na Jumapili, siku ya kupumzika, anaongezewa chakula? Sisi watu wa reli Jumapili tulikula kuku. Anavaa nini kifuani anapovuta, na mkokoteni uliotengenezwa kwa magurudumu ya pick-up ungemfaa?

Nauliza tu. Mzee akiacha kuuliza anaanza kufa.

Nilikuuliza utarudi lini. Uliniandikia kurasa nne, ukaniambia hata farasi anavyopiga miayo, lakini hilo hukulijibu. Nimeona.

Dominique wako

*

Mkoa wa Voronezh, 12 Januari 2025

Nkambo,

Heri ya mwaka mpya. Mimi ni mzima, theluji imefika magotini, Zarya ana mimba. Hizo ndizo habari, sasa niache nikasirike.

Tantine Cathy ameniandikia kwenye simu kwamba unakwenda kila siku kule shambani kwako, barabara ya Kasumbalesa, na kwamba umejenga nyumba ya mbao isiyo na madirisha, na hutaki kusema ni ya nani. Anadhani una mwanamke. Nikaisoma tena barua yako ya kujifunza tu. Nkambo! Mimi si mtoto. Unataka farasi.

Usilete farasi. Nakuomba, nakusihi, na kama unanisikia hata kwa sikio moja, nakuamuru. Huyu wa Kirusi huwezi kumpata huko. Ungempata, angekufa. Kwetu kuna tauni ya farasi. Inaletwa na usubi, wale wadudu wadogo wa jioni, hasa miezi hii ya mvua. Asubuhi farasi anakula vizuri, kesho yake povu linamtoka puani. Farasi wa huku damu yake haiujui kabisa ugonjwa huo. Wenye farasi huko kwetu wanachanja, na wanawaingiza ndani kabla jua halijazama, na wanaziba kwa chandarua. Wewe hata chandarua chako mwenyewe ulikifanya cha kufunikia kuku.

Na kwa kuwa najua sikio la kufa halisikii dawa, na yako yalikufa kwenye treni, nikujibu lile la Jumapili, maana limenitia hofu kuliko yote. HAPANA. Siku ya kupumzika farasi wa kazi hapewi karamu. Siku hiyo nafaka inapunguzwa, au inaachwa kabisa, anapewa nyasi tu na maji. Farasi akipumzika huku ameshiba nafaka, kesho yake akirudishwa kazini misuli yake inakakamaa kama mbao. Anatoka jasho, anatetemeka, mkojo unakuwa rangi ya kahawa, na anaweza kufa palepale. Hapa wazee wanauita ugonjwa wa Jumatatu. Ukitokea, usimvute hata hatua moja. Msimamishe alipo, mfunike, mpe maji, mwite daktari.

Lakini hautatokea, kwa sababu huna farasi, na hutakuwa na farasi. Niandikie unihakikishie.

Barua hii anaileta Ariel, mwanafunzi mwenzangu, anasafiri wiki hii; kwenye simu ya Tantine uani wangeisikia kabla yako.

Sephora

*

Lubumbashi, 9 Februari 2025, Jumapili

Mke wangu mpenzi,

Leo nakuandikia nikiwa shambani, nimekaa juu ya ndoo, na mbele yangu amesimama mtu unayemjua. Mrusi amefika!

Nilimwagiza rafiki yangu Chilufya, yule Mzambia tuliyejuana tangu siku za treni; ana jamaa wenye mashamba makubwa upande wa pili. Nikamwambia nataka Mrusi, mzito, mpole. Alimleta kwa miguu mpaka Kasumbalesa, pale mpakani, akampitisha kwenye ile foleni isiyokwisha, katikati ya lori la unga na lori la saruji. Madereva walishuka kupiga picha. Wakala mmoja hakujua amwandike kama nini, akauliza: "Hii tunaandika sawa ngombe ao sawa motokari?" Chilufya akamjibu: "Andika sawa mugeni." Ana kitabu chake cha chanjo, Chilufya ameniapia kuwa zote zimo.

Ni mnyama mzuri, Sephora. Nimemwita Chef de Gare, mkuu wa steshini, kwa kifupi Chef, kwa sababu anasimama anaangalia watu wakifanya kazi. Kulikuwa na tatizo moja dogo. Ule mlango niliujenga kwa kipimo cha barua yako, na Chef alipofika hakuingia. Kichwa kiliingia, mabega yakakataa. Nikamwambia Chilufya, "Huyu iko mulefu." Akaniambia bado anakua: "Iko angali anakomea." Ilibidi nikate mbao za juu. Rangi yake pia si ya kutu, ni nyeupe yenye madoadoa, lakini nadhani ni jua la kwetu.

Wiki mbili hizi anavuta mapipa ya maji kutoka mtoni, mimi nikiwa mbele. Majirani wanakuja kuangalia. Jana tulikuwa na mazishi mtaani, kwa hiyo hakufanya kazi, na leo ni siku ya Bwana. Hujanijibu lile swali langu la chakula cha Jumapili, basi nimetumia akili yangu. Jana alipata mahindi na pumba, leo tena mahindi, pumba, na maganda ya miwa. Amekula mpaka akafumba macho. Nimefurahi kumwangalia kuliko nilivyofurahi kula mwenyewe. Kesho asubuhi tunaanza kazi kubwa, kusomba matofali ya jirani.

Cathy bado hajui. Anadhani nina mwanamke, na nimeona vibaya kumkatisha tamaa.

Mumeo, mwenye farasi,
Dominique

*

Lubumbashi, 2 Machi 2025

Sephora,

Salamu. Sisi sote tuko hai, na neno hilo safari hii nimelipima kabla ya kuliandika.

Barua yako ya Januari imefika leo. Huyo Ariel wako alishukia Kinshasa, akamwoza dada yake, akakaa, akanenepa, ndipo akakumbuka kuwa ana barua ya mtu. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Kila ulichokataza nilikuwa nimekwisha kufanya, na kwa mpangilio uleule.

Ile Jumatatu tulitoka na mkokoteni wa matofali. Chef alikwenda vizuri mpaka kwenye sehemu nyembamba ya barabara, akaanza kukokota miguu ya nyuma. Nikadhani ni uvivu. Kisha jasho likamtoka, jasho la kudondoka, na mapaja yakawa magumu. Ukigonga ni kama unagonga meza. Akakojoa kahawa. Niliogopa, Sephora. Nimeona mashine zikipasuka, nimeona behewa likianguka na watu ndani, lakini sikuwahi kuogopa namna ile.

Nilitaka kumrudisha nyumbani. Nikamvuta kwa kamba, nikamsukuma, nikamtukana kwa Kiluba na kwa Kifaransa. Hakusogea. Tulibishana mpaka adhuhuri. Mimi mbishi, unanijua, lakini pale nilikutana na mbishi zaidi, akanishinda. Nikakata tamaa, nikamfungua mkokoteni, nikamvisha koti langu la reli, nikamletea maji kwa ndoo. Kumbe ubishi wake ndio uliomwokoa, maana leo nasoma: usimvute hata hatua moja. Daktari wa mifugo alifika jioni akiwa na sindano, akaniuliza nani alinifundisha kulisha farasi. Nikasema mke wangu yuko Urusi anasomea. Nisamehe, nilikuchafulia jina.

Chef ameanza kupona. Anatembea polepole, hafanyi kazi. Majirani walimpigia Cathy simu siku ileile. Alikuja na pikipiki ya kukodi, akamwona Chef na koti langu, akapiga kelele: "Baba! Njo ile mwanamuke yako?" Kisha akacheka, kisha akalia, na tangu hapo ananisemesha kwa ishara kama mimi ni kiziwi kabisa. Nimemwapisha asikuambie kwenye simu, hili nikuandikie mwenyewe.

Anauliza, na wewe najua utauliza: farasi wa nini, mzee wa magoti kama yangu? Basi sikilizeni nyote wawili. Si wa maji. Si wa matofali. Kila mtu hapa alisema huwezi kurudi kwa sababu Lubumbashi hakuna farasi wa kumtibu. Nikatafuta jibu miezi yote ile, na jibu ni moja tu. Sasa yuko mmoja. Nimekutafutia kazi, Sephora. Ni mgonjwa, na anakungoja.

Dominique

*

Mkoa wa Voronezh, 13 Aprili 2025

Nkambo wangu, bwana wangu, mzigo wangu,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, kwenye mfuko mmoja. Nikafungua ile ya Februari kwanza. Nilipofika kwenye mahindi, pumba, na maganda ya miwa nilipiga kelele, watu wakatoka kwenye mabanda wakidhani nimepigwa teke. Nikampigia Tantine Cathy hapohapo. Akapokea: "Nini tena? Nani amekufa?" Nikasema farasi, farasi anafanyaje? Akasema: "Iko mbele yangu, iko anakula fulari yangu," akakata simu akaokoe kitambaa chake cha kichwa. Ndipo nikafungua barua ya pili. Wewe na Ariel, mmoja wenu nitamfunga kamba, bado sijachagua nani.

Kwanza, Chef si Mrusi. Hata nusu, hata ukucha. Mrusi hashindwi na mlango wa kipimo changu, wala hawi mweupe wa madoadoa kwa sababu ya jua! Nimemwangalia kwenye picha alizotuma Tantine: miguu mirefu myembamba, shingo ya kujivuna. Ni farasi wa kupanda, mzee, aliyestaafu kwenye shamba la mtu. Ulimfunga mstaafu mkokoteni wa matofali. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na Chilufya akikuambia bado anakua mwambie farasi wa umri huo anakua meno tu.

Halafu lile koti. Nilisoma hapo nikatoka nje kwenye theluji inayoyeyuka, nikasimama kwa Zarya mpaka nilipoweza kuona tena. Naye amezaa dume, mwekundu, kwato kama sahani.

Sasa nikujibu lile uliloniuliza Septemba. Sikulijibu kwa sababu sikutaka kulisikia likisemwa hata kwa mkono wangu. Wamenipa kazi hapa. Mkataba wa miaka mitatu, chumba, na farasi wale wote. Nimewaambia ndiyo kwa mdomo. Sahihi wanaitaka mwisho wa Juni. Kwetu ningefanya nini, Nkambo? Farasi mmoja si kazi. Farasi mmoja mzee, mgonjwa, aliyeuzwa kwa jina la uongo, si kazi! Nani ananunua kazi kwa mjukuu kama anayenunua viatu, bila hata kuuliza namba ya mguu? Ungeniuliza. Ungeniandikia tu, rudi. Neno moja. Hukuliandika hata mara moja, umeandika lini, lini, lini, kama unauliza saa ya treni.

Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Sephora

*

Lubumbashi, 18 Mei 2025

Sephora,

Salamu. Mvua zimekwisha, baridi ya asubuhi imeanza. Cathy ameuza nguruwe wawili. Simone nimemsalimia.

Kazi hiyo ipokee. Watu wanatoka Sakania mpaka Dubai kutafuta kazi, wewe umeletewa mkononi unauliza uliza. Mimi sikuandika rudi kwa sababu treni haiitwi na mtu aliyekaa kwenye steshini. Inakuja ikija.

Kumbe Chef ni mstaafu. Nilianza kuhisi. Hapendi asubuhi, hapendi kelele, na akilala kuamka ni mazungumzo marefu. Tunaelewana. Nyasi tu, nafaka kiganja, na jua likizama anaingia ndani. Nimemwekea chandarua changu, na cha Cathy pia, Cathy hajui.

Ila kwato zimerefuka. Anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Chilufya alikuja na msumeno wa mbao, nikamfukuza mpaka barabarani. Daktari wa ng'ombe anasema ataangalia akipata nafasi, na nafasi hiyo naijua. Nimemwambia Chef avumilie. Kama haiwezekani, nitamrudisha alikotoka, labda wana mtu.

Usijali. Kula vizuri. Funga shingo.

Dominique

*

Mkoa wa Voronezh, 22 Juni 2025

Tantine Cathy,

Hii nakutumia kwenye simu makusudi. Barua za mkono zimenitosha, na Ariel nisimtamke. Toka nayo nje, simama uani, msomee Nkambo kwa sauti yako yote, hata wale wa nyumba ya tatu wasikie. Kwa mara ya kwanza mdomo wako una kazi rasmi.

Nkambo, shikamoo. Mimi ni mzima.

Usimrudishe Chef popote. Msumeno usimkaribie. Mkataba sikuutia sahihi. Mkuu wa shamba alinitazama kama nina homa, akaniuliza kwetu kuna farasi wangapi wa kutibu. Nikamwambia mmoja, tena si Mrusi. Kisha nikaongeza kwamba kuna ng'ombe kote Katanga, na mbuzi, na nguruwe wa tantine yangu, na daktari wao anatafuta nafasi bila kuipata. Hao ndio watakaonilisha. Chef atanizuia nisinune.

Watu wakiuliza, waambieni nakuja kukata kwato tu. Ndivyo nilivyowaambia na hapa. Wewe peke yako, bwana wangu, ndiye niliyekuandikia mwaka jana kwamba kwato hukatwa leo, zikakatwa tena baada ya wiki sita, mpaka farasi afe. Na huyo mstaafu wako asithubutu kufa.

Nimepata ndege ya kupitia Addis-Abeba. Natua tarehe saba Julai.

Angalia kalenda yako, ni Jumatatu. Kwa hiyo Jumapili, Nkambo, nakuomba kwa jina la mke mkubwa: hata ukifurahi namna gani, mpe nyasi tu.